Mbuyu wa kilimani na mbuyu wa bondeni ni miti miwili?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Same, huku kwetu mibuyu iko bondeni na mingine iko juu vilimani, na ile ya juu naona maua yake ni madogo kidogo. Kijana wangu aliyeko chuo anasema wanasayansi walishasema huo wa juu ni aina nyingine kabisa na una jina lake. Mimi nimekula ubuyu wa juu na wa chini tangu utotoni na sijaona tofauti. Ukweli ni upi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, asante kwa swali, hili nilikuwa nalisubiri siku nyingi. Kijana wako hajadanganya ila habari imemfikia nusu. Mwaka 2012 kwenye jarida la Taxon, Pettigrew na wenzake walitangaza spishi mpya wakaiita Adansonia kilima, na hicho "kilima" ni Kiswahili chetu hichohicho. Walisema inaota kwenye miinuko, maua yake ni madogo, chavua yake kwenye hadubini iko tofauti, na kubwa zaidi, ina seti mbili tu za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba DNA, yaani maelezo ya urithi.

Hapo kwenye kromosomu ndo penye uzito. Mbuyu wetu wa kawaida, Adansonia digitata, una seti nne, jumla kati ya 160 na 168, wakati ndugu zake wa Madagaska na yule wa Australia wana seti mbili, jumla 88. Sasa mti wenye DNA nyingi kwenye seli mara nyingi seli zenyewe zinakuwa kubwa, chembe za chavua zinakuwa kubwa, hata stomata, yale matundu ya jani ya kupumulia, yanakuwa makubwa ila machache. Kwa hiyo mtu akikuta chavua ndogo na stomata ndogo ana haki ya kushtuka akasema jamani huu mti mwingine.

Ila mwaka 2016 Cron na wenzake wakarudi kwenye swali hilohilo, wakakusanya mibuyu ya sehemu nyingi za Afrika, wakapima maua, chavua na stomata, wakahesabu kromosomu, wakalinganisha na DNA. Vipimo vikaingiliana, mbuyu wa seti mbili hawakuupata, na DNA haikuigawa mibuyu makundi mawili. Wakasema hilo jina kilima ni jina lingine tu la mbuyu uleule. Mimi nakubaliana nao, maana ua dogo linaweza kuletwa na ukame au udongo, na stomata ndo kabisa, chuma jani la juani na jani la kivulini kwenye mti mmoja uhesabu, utapata namba mbili tofauti. Jani moja halitoshi kuupa mti jina.

Kwa hiyo ulimi wako haukukudanganya, wa juu na wa chini ni mbuyu mmoja.

SWALI: Mimi nafundisha baiolojia sekondari, Dodoma. Hizo stomata wanafunzi wangu wanaweza kuziona bila vifaa vya gharama?

JIBU: Wanaziona vizuri tu mwalimu wangu. Chukua jani bichi, pande la chini paka rangi ya kucha ile isiyo na rangi, tabaka jembamba, acha ikauke kabisa, kama dakika 10 hivi. Bandika selotepu juu yake, bandua taratibu, bandika kwenye kioo cha hadubini. Utaona alama za midomo midogo imetawanyika, kila mmoja una seli mbili zimeulinda kama maharage mawili yanatazamana. Wahesabu kwenye eneo lilelile kwa majani mengi, ya miti mingi, waandike jani limetoka juani au kivulini, hiyo wasiisahau.

Kromosomu ni kazi ya maabara, kwa sababu zinahesabiwa kwenye ncha ya mzizi mchanga ambako seli bado zinagawanyika, kwa hiyo lazima uoteshe mbegu kwanza. Tumia mbegu za kwenye kibuyu chenyewe, sio zile za ubuyu wa sukari uliopikwa, hizo hazioti. Ganda ni gumu, likwangue kidogo au loweka kwenye maji ya moto. Na vikiota usishangae, jani la kwanza halina vile vidole vitano, ni jani moja zima, hata mbuyu ulianza kama mchicha kwelikweli. Waonyeshe wanafunzi mche na mti mkubwa wavilinganishe, halafu uwaulize kwa macho tu wangejuaje kwamba ni mti mmoja.