Mume wangu ni wa bajaji, sukari imefika 6.6

SWALI: Dada shikamoo, pole na kazi. Mume wangu ana miaka 38, anaendesha bajaji hapa Dar, kilo 96. Juzi kwenye kituo wakampima sukari asubuhi kabla hajala ikaja 6.6, nesi akasema "angalia kula" basi akaita mwingine. Baba mkwe alifariki kwa kisukari, mguu ulikatwa kabla. Mama mkwe anasema nimkatie ugali kabisa na kuna unga wa mbegu za parachichi wanauza, halafu hapohapo anasema mwanawe amependeza na kitambi. Anakunywa chai kijiweni, chapati mbili na soda ya nusu lita, mchana enaji ili asisinzie. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anzia kwenye chupa, ugali uache kwanza. 6.6 bado sio kisukari, kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0 akiwa hajala, ila kati ya 6.1 na 6.9 ndo mtu yuko mlangoni pa kisukari, kwa hiyo arudie kipimo, na kwa historia ya baba yake asiiache hii ikapita hivihivi.

Soda ya kola ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, yaani vijiko 13 vya chai, wakati WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kwa siku nzima isizidi kama gramu 50 na ikiwa 25 ndo bora zaidi. Mi niliipima sukari hiyo jikoni kwangu siku moja, nikaimwaga kwenye kile kikombe kidogo cha kahawa cha mitaani, kikajaa mpaka mdomoni. Mpimie shemeji mbele yake, usiseme kitu, mwache aangalie. Na hapo enaji hujaigusa, wala sukari ya kwenye chai. Anywe maji kijiweni, au chai anayoweka kijiko kimoja, wiki mbili tatu ulimi unazoea, mwanzoni atalalamika sana we vumilia.

Ugali asiukate, ale wa dona badala ya sembe nyeupe maana dona ina nyuzinyuzi na sukari haipandi kwa kasi, tonge zipungue, mchicha au kisamvu kichukue nusu ya sahani, maharage au dagaa pembeni. Juisi ya miwa nayo ni sukari tu hata kama ni "ya asili". Unga wa mbegu za parachichi utakupotezea hela yako tu, nunua parachichi lenyewe mle.

Na kutembea, maana bajaji ni kukaa kutwa. Marekani waliwafuatilia watu waliokuwa mlangoni kama yeye, matokeo yakatoka 2002, waliopunguza uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Kwa shemeji ni kama kilo 7. Kitambi hakitaisha na mama mkwe ataendelea kufurahi.

SWALI: Nyie wa afya mnasema soda ipandishwe ushuru ili watu wapunguze kunywa, si sisi wa Mbagala ndo tutaumia? Tajiri atanunua tu.

JIBU: Swali zuri kaka, nami nilikuwa naliuliza hivyohivyo. Mexico waliweka peso 1 kwa lita mwaka 2014, mwaka wa kwanza manunuzi ya vinywaji vilivyotozwa yakashuka kama asilimia 6 na waliopunguza zaidi ni wenye kipato cha chini, ambao ndo pia wakiugua wanashindwa kununua vipande vya kupimia sukari. Ila kero yangu ni namna kwetu tunavyotoza, ushuru unaenda kwa lita, kwa hiyo kiwanda chenye sukari nyingi na chenye kidogo vinalipa sawa, kwa nini kiwanda kipunguze? Uingereza kuanzia Aprili 2018 wanatoza kwa sukari, kinywaji kikifika gramu 5 kwa mililita 100 unalipa, kikifika 8 unalipa zaidi, viwanda vingi vikapunguza sukari kwenye kinywaji hata kabla tarehe haijafika. Mnywaji yuleyule, chupa ileile, sukari pungufu. Hiyo ndo ningeitaka kwetu, pamoja na maji ya kunywa ya bure kwenye stendi na shule, maana huwezi kumpandishia mtu soda wakati maji ya chupa nayo anayanunua.

Na mkeo akikuwekea dona usinune.