Kupanga insha ya kuchambua mhusika wa tanzia

Insha nyingi za wanaoanza huwa orodha ya sifa. Chukua Macbeth, mhusika mkuu wa tanzia ya Shakespeare yenye jina hilo (tanzia ni tamthilia inayoishia kwa maangamizi ya shujaa wake): ni jasiri, ana tamaa, ni mkatili, ni mwoga. Kila sifa na aya yake, kila aya na mfano wake. Hakuna uongo hapo, ila hakuna uchambuzi pia. Msomaji anataka kujua jinsi askari aliyesifiwa na mfalme wake alivyofikia kuagiza watoto wauawe. Panga insha yako ijibu hilo.

Isome tamthilia mara ya pili ukitia alama penye maamuzi tu. Kwa Macbeth manne yanatosha: kumuua mfalme Duncan, kumuua rafiki yake Banquo, kuiangamiza familia ya Macduff, mkuu anayempinga, na kupigana hadi mwisho. Chini ya kila uamuzi jibu maswali matatu: nani alijua mapema, mhusika alisita kiasi gani, alisema nini baadaye.

Ukifanya hivyo utaona jambo ambalo orodha ya sifa hailionyeshi. Katika Sehemu ya 1, Onyesho la 7, Macbeth anajihesabia sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, tena ni mgeni nyumbani kwake. Anamwambia mkewe waliache jambo hilo, na ni mpaka mke amtilie shaka uanaume wake ndipo anakubali. Kwa Banquo, yeye mwenyewe anawatuma wauaji, wala hamwambii mkewe. Kwa familia ya Macduff hajadiliani na yeyote. Anasikia Macduff amekimbilia Uingereza, anaamua papo hapo. Kusita kunapungua kila mara.

Sasa una hoja kuu: kila uovu unamnyang'anya Macbeth uwezo wa kusita, hadi hana tena cha kumzuia. Ipime kabla ya kuendelea. Je, aliyeisoma tamthilia anaweza kuipinga? Kama hawezi, umeandika ukweli usiohitaji insha. Hapa anaweza: atasema wachawi watatu wanaokutana na Macbeth mwanzoni ndio waliompoteza. Mtengee aya moja, umjibu kwamba wachawi walimtabiria ufalme, hawakumwambia aue.

Mpango wote uenee ukurasa mmoja wenye safu tatu: uamuzi, dondoo, na maana yake kwa hoja kuu. Dondoo lisizidi maneno kumi hivi. Likirefuka, unaanza kunakili badala ya kuchambua. Safu ya tatu ikikushinda kujaza, futa mstari huo hata kama tukio lenyewe linasisimua. Hapo ndipo insha nyingi hugeuka kuwa muhtasari wa hadithi.

Andika pia nani anasema na anamwambia nani. Lady Macbeth anahofia kwamba mumewe ana huruma mno. Mwishoni Malcolm, mwana wa Duncan, anamwita Macbeth mchinjaji. Wa kwanza ni mke anayemjua kwa karibu, wa pili ni adui aliyeshinda vita. Mwanafunzi anayelichukua neno la Malcolm kama hukumu ya mwandishi amepoteza nusu ya mhusika. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka shujaa wa tanzia asiwe mwema kabisa wala mwovu kabisa, kwa hiyo ushahidi wa wema wake usiuache nje ya mpango.

Kwenye mtihani wa saa moja, dakika 10 ni za mpango, 45 za kuandika, 5 za kusahihisha. Aya nne za kati zinatosha, pamoja na ile ya kumjibu mpinzani.

Hitimisho lipange kabla ya utangulizi. Macbeth anapogundua kwamba amehadaiwa na utabiri kuwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, kwanza anakataa kupigana na Macduff. Akitishiwa kufanywa kioja cha watu kutazama, anainua ngao. Amua mapema kama huo ni ushujaa wake wa zamani uliorudi au ni kukata tamaa tu, kwa sababu ukichagua la kwanza, hoja kuu uliyoiandika juu italazimika kubadilika.