Tembo na sindano ya sukari

Huu ni mwaka wa tisa nina kisukari, na nachoma insulini. Jambo la kunywa pombe huku Unguja tunaona haya kulitaja, lakini nusura liniue, basi nalisema.

Jioni moja nilikwenda shamba kwa jamaa yangu, tukanywa tembo, pombe ya mnazi. Nilirudi Fuoni usiku sina hamu ya chakula. Kwa mazoea nikachoma sindano, nikalala. Alfajiri mke wangu alinikuta nimerowa jasho, natetemeka, nasema maneno hayafahamiki. Mdogo wangu, tunayekaa naye, akamwambia, "Mwache, shemegi, kalewa huyo. Akilala itamtoka."

Alhamdulillahi, hakumsikiliza. Alinipima, mashine ikasoma 2.4, na chini ya 4 sukari imeshashuka. Nilikuwa bado naweza kumeza, akanikorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji. Baada ya robo saa akanipima tena, akanirudishia nyingine. Ningekuwa nimezimia, asingenitia kitu mdomoni. Ni kumlaza mtu ubavu na kumkimbiza hospitali.

Usiku, ukiwa hujala, ini ndilo linalotoa sukari ya kukuvusha hadi asubuhi. Pombe ikiingia, ini hushughulika nayo, likaacha kutengeneza sukari, na huku insulini inaendelea kuishusha. Tembo tamu linahadaa zaidi: mwanzo sukari hupanda, ukipima unajiona salama, kisha saa kadhaa baadaye inaporomoka, pengine hata kesho yake. Wanaomeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi wamo katika hatari hiyo hiyo.

Mimi tembo nimeacha, na ndiyo nasaha yangu kwako. Ambaye hajaweza, asinywe na tumbo tupu, apime kabla ya kulala, na awepo mtu nyumbani anayejua kwamba kanywa. Jasho, kutetemeka na kuropoka ni dalili za sukari kushuka, na mwenye harufu ya pombe kila mtu humdhania mlevi tu.

Kliniki nilikuwa nikiulizwa kama nakunywa, najibu hapana, maana muuguzi ni mama wa mtaani kwetu. Baada ya usiku ule nikamwambia daktari kweli. Hakunisuta. Aliniuliza nyumbani nani anajua kutumia mashine. Nikasema mke wangu tu. Jioni ile ile nikamkalisha mdogo wangu barazani, nikamfundisha.