Nikwepe hesabu nilinde GPA?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, shahada ya uchumi, hapa Dar es Salaam. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 4.4. Nikimaliza nataka kwenda Marekani kusoma PhD ya uchumi. Nilitaka kuongeza masomo ya Idara ya Hisabati, lakini naogopa yatanitoa daraja la kwanza. Wakala mmoja ameniambia hayana haja: nilipe laki nane, makala yangu itoke kwenye jarida la kimataifa, na barua ya maombi ataniandikia yeye. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba. Chukua hesabu. Laki nane ibaki mfukoni mwako.

Hofu ya kushuka kutoka 4.4 naletewa kila muhula, na kila muhula inaniudhi upya. Mnadhani kamati ya udahili inasoma GPA kama mwajiri wa benki: 4.4 ndani, 4.3 nje. Wale wanafungua orodha ya masomo na kutafuta majina: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, takwimu, na lile linalokimbiwa kuliko yote, uchanganuzi wa namba halisi, ambako mwanafunzi hapewi fomula bali anadaiwa uthibitisho. Wasipoyaona, A zako za utangulizi wa biashara haziwaambii kitu. Sisemi ukusanye C. Lakini B+ ya uchanganuzi ina uzito kuliko A mbili za masomo mepesi.

Sababu yake iko mwaka wa kwanza wa PhD. Uchumi wa kitengo kidogo, uchumi mpana na ekonometria (takwimu za kupimia mambo ya uchumi) vyote hufundishwa kwa lugha ya uthibitisho, kisha unafanya mtihani wa kufuzu. Watu huondolewa hapo, hata waliokuja na daraja la kwanza.

Najua utakachojibu, maana kila mtu hunijibu hivyo: “Mimi nitafanya uchumi wa maendeleo, ule hauna hesabu.” Nani kawadanganya? Michael Kremer, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2019 pamoja na Banerjee na Duflo, alifanya na Edward Miguel ule utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia, Kenya. Uligawa shule katika makundi, na kiini chake kilikuwa kupima jinsi watoto wasiopewa dawa walivyofaidika kwa kuwa wenzao wametibiwa. Jaribu kupima hilo bila takwimu. Isitoshe, mwaka wa kwanza hauulizi utabobea wapi; wote mnakaa darasa moja.

Sasa huyo wakala. Hakuna anayetegemea mwanafunzi wa shahada ya kwanza awe amechapisha makala. Ada peke yake si kosa: American Economic Review, jarida kubwa la uchumi, nalo hutoza ada ya kuwasilisha, lakini unailipa bila ahadi yoyote, na wengi hukataliwa. Jarida linalokuhakikishia kutoka kabla halijasoma hata kichwa cha makala linauza nafasi, na wanakamati wanayafahamu majarida hayo. Makala hiyo itakuharibia faili.

Kama unataka kuonyesha utafiti, pakua data za kaya za Tanzania National Panel Survey, zilizoanza kukusanywa 2008, ujifunze Stata au R, programu za kompyuta za takwimu, na uandikie tasnifu yako humo chini ya mhadhiri atakayekusumbua. Huyo ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo yenye maneno. Njia ya kuanzia nyumbani pia ipo: shahada ya uzamili inayoratibiwa na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika ulioko Nairobi, inazo hesabu za kutosha kukupima.

Mawakala hawa wamekuwa wengi. Wanauza barua ileile kwa waombaji wengi, wakibadilisha jina na chuo. Nimewahi kuletewa barua ya mapendekezo iliyokwisha kuandikwa, inanisifu mimi kuliko mwanafunzi, nisaini tu. Wengine hudai ada ya “kushika nafasi ya ufadhili”, ilhali idara kubwa za Marekani huwafadhili wanafunzi wa PhD zenyewe, karo na posho, na nafasi hiyo haishikwi na mtu wa katikati. Ukiombwa pesa ambayo haiingii moja kwa moja kwa chuo au kwa watahini, usilipe. Ada ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, ni zaidi ya dola 200, na unailipa mwenyewe kwa ETS, shirika linalouendesha. Sehemu yake ya hesabu ina kilele cha 170, na waombaji wa idara kubwa hujazana karibu na hapo. Huyo wakala hana la kukusaidia kwenye chumba cha mtihani.

Kajisajili hesabu kabla dirisha la masomo ya hiari halijafungwa.