Hewa ya kooni: maswali yenu kuhusu Kinavajo

Safari iliyopita nilikigusia Kinavajo, lugha ya Wanavajo wa Arizona, New Mexico na Utah, ambayo wenyewe huiita Diné bizaad. Nilidhani nimejiandikia peke yangu, kumbe mlikuwa mnasoma.

Ile ritifaa (alama ya ') katika neno la Kinavajo k'os ni sawa na ya ng'ombe?

Hapana. Ya ng'ombe inatusaidia kutofautisha ng' na ng tu, kooni hakutokei kitu. Ya Kinavajo ina kazi. Ikifuata irabu, kama katika azee' (dawa), ni hamza tupu, ile ya madrasa: koo linafunga, pumzi inakatika. Ikifuata konsonanti, kama katika k'os (wingu), konsonanti yenyewe hutamkwa kwa hewa ya kooni. Ziko tano: t', k', ts', ch' na tł'.

Hewa ya kooni ndiyo ipi tena?

Fikiria chumba chenye milango miwili. Wa chini ni nyuzi za sauti, wa juu ni ulimi. Funga yote miwili. Kikoromeo kikipanda, hewa iliyonaswa katikati inabanwa. Fungua mlango wa juu, inatoka kwa mlio mkavu, kama kizibo kinapochomoka kwenye chupa. Jaribu: bana pumzi kabisa, kisha sema k bila kuiachia. Ukisikia kitu, ndiyo hiyo. Usifanyie zoezi hili kwenye daladala.

Sisi Waswahili hatuna sauti za namna hiyo?

Mnazo. Weka kidole kwenye kikoromeo useme "baba" polepole: kinashuka. Kwa wengi wetu, hasa watu wa pwani, b, d, j na g huvuta hewa ndani kidogo, kinyume cha k' inayoisukuma nje. Ndiyo maana mgeni akisema "baba", hata kama hajakosea herufi, tunamjua. Katika mbu na ndani mvuto huo haupo.

Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu. Nilipoisikia tł' nilishtuka, mbona ni yetu?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Ni yenu kweli! Ninyi mnaiandika tl, wao tł'. Ile ł yao, ambayo hewa hupita pembeni mwa ulimi bila koo kutetema, ninyi mnaiandika sl, kama katika slee (ng'ombe). Na ts ya tsar (mbili) ni ts' yao. Lakini msianze kutafuta undugu: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kinavajo ni ya jamii ya Kiathabaska, yenye ndugu wengi huko Alaska na Kanada. Mmekutana njiani tu. Hata hivyo mbuzi wao, tł'ízí, aliyenitesa mimi jioni nzima, wewe utamtaja bila jasho.

Ni sauti hizi zilizowashinda Wajapani vitani?

Zilichangia, ila sifa tunazipa kupita kiasi. Katika Vita Kuu ya Pili, Wanavajo 29 wa kwanza walioingia kikosi cha Marines cha Marekani mwaka 1942, ili kupeleka ujumbe wa siri, hawakuzungumza tu lugha yao redioni. Walitunga msimbo ndani yake. Kobe alikuwa kifaru cha vita, nyangumi alikuwa manowari. Joe Kieyoomia, Mnavajo aliyetekwa na Wajapani, alilazimishwa kusikiliza ujumbe huo. Maneno aliyafahamu, maana ikampita. Basi kama mwenye lugha alikwama, tatizo halikuwa koo.

Irabu zao je, nazo ni ngumu?

Ni nne tu: a, e, i, o. Msishangilie bado. Kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu, ikapita puani au isipite, na toni ikawa juu au chini. Azéé' ni kinywa. Teremsha toni tu, umeshasema azee', na kinywa kimegeuka dawa.