Adapta mbili za USB zinabadilishana majina kila kompyuta ikiwashwa

Swali: Kompyuta yangu ya Linux ina kidhibiti kimoja cha USB kwenye bodi mama na kingine kwenye kadi ya PCIe. Nimechomeka adapta ya siriali kwenye kila kimoja, zote za aina moja. Leo ya kwanza inaitwa ttyUSB0, kesho ttyUSB1, na programu inasoma kifaa kisicho chake. Je, kadi ni mbovu?

Jibu: Kadi ni nzima. Draiva (programu inayoendesha vidhibiti vya USB) ni moja, xhci_hcd, lakini huendesha kila kidhibiti peke yake, kikiwa na foleni zake na mabasi yake, yaani njia zake za data. Majina ya ttyUSB hugawiwa kwa kutangulia: adapta inayotambuliwa kwanza huchukua 0. Keneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kuviamsha vidhibiti kwa pamoja, kwa hiyo anayetangulia hubadilika.

Endesha `lsusb -t`, amri inayoorodhesha mabasi ya USB na vifaa vyake. Utaona mabasi manne, si mawili, kwa sababu kila kidhibiti cha xHCI (aina ya kidhibiti inayohudumia USB 2.0 na USB 3 pamoja) huandikishwa mara mbili: basi la 480M kwa vifaa vya USB 2.0 na la 5000M au zaidi kwa vya USB 3. Adapta zako zitakaa upande wa 480M hata ukizichomeka kwenye tundu la USB 3.

Kitu cha kushikilia ni anwani ya PCI ya kidhibiti pamoja na namba ya tundu:

`ls -l /dev/serial/by-path`

Jina litafanana na `pci-0000:03:00.0-usb-0:2:1.0-port0`. Maana yake: kidhibiti kilicho 03:00.0, tundu la 2, usanidi wa 1, kiolesura cha 0. Ile 0 iliyo baada ya `usb-` imewekwa makusudi mahali pa namba ya basi, kwa kuwa namba hiyo haitabiriki. Iandike njia hiyo nzima kwenye programu badala ya ttyUSB0.

Usikimbilie `/dev/serial/by-id`, ambako majina hutokana na utambulisho wa adapta yenyewe. Adapta nyingi za bei nafuu hazina namba ya utambulisho ya kila moja, kwa hiyo zote mbili hupata jina lilelile. Kiungo huelekea moja tu, nyingine hupotea, na hutaona ujumbe wowote wa kosa.

Njia ya `by-path` nayo hubadilika ukihamisha plagi, na ukiongeza kadi nyingine ya PCIe, 03 inaweza kugeuka 04. Bandika lebo kwenye matundu, na kila ukigusa kadi ndani ya kasha, rudia `ls` kabla ya kuwasha programu.