Mnaokwenda Kitakyushu kusomea mazingira, msirudi na picha za mitambo tu

Wadogo zangu mliopata nafasi ya mafunzo ya taka au maji kule Kitakyushu, Japani, hongereni sana. Ila wengi tukifika kule macho yote yanaenda kwenye mitambo, unaona Eco-Town, eneo la viwanda vya kuchakata taka pale Hibiki, wanavyofumua magari chakavu, unapiga picha simu inajaa, alafu unarudi halmashauri yako hela ya mtambo kama ule haipo na ripoti inaishia kabatini. Ulizeni walifikaje pale.

Mji ule ni wa bandari na chuma, kiwanda cha Yahata kilianza 1901, na mwaka 1969 walipopima maji ya Ghuba ya Dokai walikuta oksijeni sifuri, yaani samaki hakuna kabisa. Waliopaza sauti mapema ni akina mama wa Tobata, sehemu ya mji huohuo, masizi yanachafua nguo kwenye kamba, watoto wanaumwa, na waume zao wengi wanakula mshahara wa viwanda hivohivo, sasa fikiria ugumu wa kufungua mdomo. Walipima masizi wenyewe, wakaandika, wakaenda kwa manispaa na wenye viwanda wakiwa na takwimu mkononi. Mimi hapo ndo naona somo lote lilipo, maana kupima masizi hakuhitaji mkopo wa benki.

Pale KITA, taasisi iliyoanzishwa 1980 kwa ajili ya kufundisha wageni, mtakutana na wazee wastaafu wa viwandani. Hao msiwaache, somo likiisha mfuateni mmoja wao na mkalimani mumuulize kiwanda chake kiliokoa nini kilipobadilisha namna ya kuzalisha, majibu yake hamtayakuta kwenye slaidi.

Na nendeni na namba za kwenu: taka tani ngapi kwa siku, ngapi ni za jikoni, nani anazoa. Surabaya, mji mwingine wa bandari, Indonesia, walifaidika na ushirikiano na Kitakyushu kwa sababu tatizo lao lilikuwa mezani, ndo mtaalamu wa Kijapani, Takakura, akatengeneza mboji ya kwenye kapu kwa pumba za mpunga na vijidudu vya vyakula vya kuchacha vya hukohuko, akina mama wakafanya majumbani kwao.

Mpango kazi mtakaoandika mwishoni usiwe wa mkoa mzima. Chukua mtaa mmoja, andika nani atapima, atapima nini, na ataanza lini.